Kinachofunga Mzigo Kalemie

Gunia la makala, yaani mkaa, la Kalemie, mji wa Kongo kwenye Ziwa Tanganyika, ukilitazama kwa karibu, ni nusu plastiki na nusu shamba. Chini kuna mfuko mweupe wa salfeti uliofika mjini na unga au sukari, maandishi yake sasa yamefutika. Juu, makala yanapozidi mdomo wa mfuko, mchomaji huweka kilemba cha nyasi ndefu, kisha hukikaza kwa kamba inayopita ukingoni tundu baada ya tundu, ikipishana katikati kama wavu. Kwenye magunia mengi kamba hiyo ni ya manila, ya buluu. Kwenye machache, hasa yaliyotoka vijiji vya ndani, ni gome la mti au ganda la mgomba lililosokotwa likiwa bado na unyevu. Nilivuta moja la mgomba kwa mikono miwili. Lilikaza tu, halikukatika.

Tangu hapo nikawa naangalia vifungashio kila nilipopita: sokoni, bandarini, kwenye baiskeli zinazovuka daraja la Lukuga. Mama mmoja alikuwa anauza ndakala, dagaa wa ziwa hili, na pembeni ana vitunga vya makuti ya mchikichi. Nikamuuliza kwa nini wateja wake wote wanaondoka na mfuko mweusi wa plastiki na vitunga vimebaki pale pale. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao: “Papa, saché ninapanaka bule, kitunga ninauzisha.” Yaani mfuko anautoa bure, kitunga anakiuza.

Jibu hilo lina maana zaidi kuliko hotuba nyingi za mazingira. Bei ya mfuko mweusi imefichwa ndani ya bei ya samaki; bei ya kitunga imesimama peke yake, mteja anaiona na kuikimbia. Waziri Mkuu wa Kongo alitia saini tarehe 30 Desemba 2017 amri ya kuzuia kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Lakini amri haikugusa hesabu ya yule mama, na mpaka hesabu yake iguswe, mifuko itaendelea kuelekea majini. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Lukuga, nao unapita katikati ya mji huu.

Ng'ambo, kama kilomita 130 juu ya maji, ni Kigoma, Tanzania. Kule marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019, na mtu aliyeizoea mifuko ya zamani ataona tofauti barabarani na kwenye mitaro. Naisifu hatua hiyo bila kusita. Ila ukienda kwenye mwalo wakati dagaa wanapakiwa kwenda bara, utaona mpaka wa sheria ulipo. Marufuku iligusa mifuko ya kubebea, ikaacha vifungashio vya kilimo na viwanda, kwa hiyo dagaa wanasafiri ndani ya salfeti ile ile kama wa Kalemie. Na mfuko laini uliochukua nafasi ya ule wa zamani, unaotakiwa na Shirika la Viwango uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, nao mara nyingi umetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Mkono wa mnunuzi umebadilika. Shehena bado.

Polipropilini hiyo ina historia chungu upande wa Tanzania. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo lilikua zao lililoifanya Tanganyika iongoze duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika zaidi ya tani 230,000. Kisha kamba za plastiki za kufungia nyasi za mifugo katika mashamba ya Ulaya na Marekani zikauangusha mkonge. Vijiji vizima vya Tanga na Morogoro vilijengwa juu ya kamba, vikabomolewa na kamba nyingine.

Pale Hale, mkoani Tanga, kwenye reli na barabara ya kwenda Korogwe, nilisimama karibu na korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge. Kelele yake inaingia kifuani. Majani yanaingia kwa ubavu, yanapondwa na visu butu, na upande wa pili zinatoka singa za kijani zinazong'aa, zinaoshwa na kuanikwa kwenye nyaya juani. Singa ni kama asilimia 4 tu ya jani. Sehemu iliyobaki, uji mchungu wa kijani, kwa miaka mingi ilitiririshwa tu mitaroni. Hale ndipo ulipojengwa mtambo wa kuugeuza uji huo kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Jambo nililolibeba pale ni la mahali: korona huwekwa ndani ya shamba, kwa sababu jani lililokatwa likikawia utomvu hukauka na singa hazitoki vizuri. Mashine hulifuata shamba.

Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, hakuna mashine kabisa. Wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa bahari, maji yakiwa yamekupwa, na kuyazungushia mawe yasichukuliwe na mawimbi. Yanakaa miezi mingi. Yakifukuliwa yananuka vikali, yanapigwa kwa rungu mpaka nyama yote itoke na kubaki usumba, kisha husokotwa kamba juu ya paja. Nimekaa karibu na kazi hiyo na naiheshimu sana, lakini sitamshauri mtu aipeleke Kalemie. Maji ya kulowekea nyuzi huoza, na ziwa ambalo watu wanakunywa na kuvua humo si pa kuozeshea kitu. Bora njia ya Mukono, Uganda, ambako watu wa kampuni ya TEXFAD wanapitisha mashina ya migomba kwenye mashine, wanaanika nyuzi na kufuma mazulia na vitu vingine.

Kalemie yenyewe imewahi kuishi kwa nyuzi. Reli ya kwenda Kabalo ilikamilika mwaka 1915, mji ukiitwa Albertville, na baada ya Vita Kuu ya Pili kukawa na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilichotumia pamba ya vijiji vya nyuma. Katika Kongo ya Wabelgiji ilivunwa pia urena, mmea wa nyuzi za magunia. Lakini wazee hawaikumbuki pamba kwa furaha. Tangu 1917 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kulima mazao iliyoyataka yenyewe, na familia ziliacha mihogo yao zikapalilie pamba. Ndiyo maana mpango wa kupanda zao jipya la nyuzi huku ungenitia hofu. Mgomba haudai shamba jipya. Umekwisha kupandwa kwa ajili ya ndizi. Huzaa mkungu mmoja, hukatwa, na shina linabaki limelala.

Hata hivyo, tunachokiita taka kina wenyewe. Shina la mgomba likioza hulisha udongo na kuzuia unyevu usitoroke. Hata vikonyo vitupu vya mikungu ya ngazi, yaani chikichi, huchomwa, na majivu yake huingia kwenye sabuni. Anayekuja na lori kuzoa “taka” zote atakuwa amemnyang'anya mkulima mbolea na kumwachia shukrani. Kilo mia za shina bichi hutoa kama kilo moja ya nyuzi kavu. Karibu yote yaliyobaki ni maji na uji, na huo uji unapaswa kurudi pale pale shambani. Kuna faida juu ya hapo: fukusi wa migomba huzaliana kwenye mashina yaliyoachwa mazima, kwa hiyo shina lililopondwa ni nyumba moja pungufu kwake.

Kwa hesabu hiyo, kupeleka mashina mjini ni kusafirisha maji. Mashine iende kijijini, na si lazima iwe kubwa. Kila kijiji chenye kinu cha kusaga mihogo kina injini na fundi anayejua mkanda, bearingi na mafuta yake.

Wapi pa kuanzia? Si kwenye dagaa wakavu. Salfeti imeshinda hapo kwa haki: ni nyepesi, haioti ukungu, na maji yakiingia chini ya boti huchelewa kumfikia samaki. Gunia la nyuzi lisilopakwa kitu lingeyanyonya. Ila nyanya, ndizi, samaki wabichi wa safari fupi na makala vinataka hewa, na tenga linazipitishia hewa bidhaa hizo vizuri kuliko mfuko wowote. Na kabla hata ya tenga kuna kamba. Kila gunia la makala linaloingia Kalemie limefungwa kwa kitu fulani, na mchomaji hununua manila kwa fedha taslimu wakati migomba imelala nyuma ya nyumba yake.

Nilimweleza hayo msagaji mmoja upande wa Lubuye, tukiwa tumekaa juu ya magogo nje ya kinu chake. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza nani atanunua kamba hiyo. Nikamwambia wanunuzi wake wapo, wanapita mbele ya mlango wake kila asubuhi wakisukuma baiskeli zenye makala. Akataka kujua bei ya rola moja ya manila dukani wiki hii, na mita ngapi zinaingia kwenye gunia moja. Tukainuka tukaenda kuipima.