Sisi Ndio Tulikuwa Watoto wa Tonowari

Wengi mlituuliza mbona tumenyamaza juu ya Avatar ya pili, ile ya maji, na mnajua vile tulikuwa tunaisubiri. Ya kwanza ilitoka mwaka 2009. Hiyo ya pili, The Way of Water, ilitoka Desemba 2022. Katika miaka hiyo 13 James Cameron alikuwa anatengeneza filamu, na sisi tulikuwa tunabadilisha nchi. Wengi wetu tuliona ile ya kwanza tukiwa bado Kivu, na hii tumeionea hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda.

Tuliionea kwenye kibanda, shilingi 1,000 kila mtu, kwenye mabenchi yasiyo na pa kuegemea. Ni kopi ya VJ, na VJ anatafsiri kwa Kiluganda. Kiluganda tunakipata nusu nusu, basi mwenzetu mmoja aliyesoma Mbarara akakaa mbele na kutugeuzia kwa Kiswahili. Filamu ina zaidi ya saa tatu. Jenereta ilizimika mara mbili, na hakuna aliyetoka nje.

Tuseme kwanza yale ya mashabiki. Maji ni ya kushangaza, unaangalia mpaka unasahau kupumua. Wale tulkun, viumbe wakubwa wa baharini kama nyangumi wanaoongea na watu, wanauawa ili kutoa kimaji kidogo cha njano kwenye ubongo, kinachozuia binadamu asizeeke, na mwili mzima unaachwa baharini. Hapo hatukuhitaji mtafsiri, tunatoka kwenye nchi ya madini. Lakini hadithi inajirudia. Quaritch alikufa kwenye filamu ya kwanza, huyu hapa amerudi na mwili mwingine. Na watoto wanatekwa, wanaokolewa, wanatekwa tena, mpaka Tuk mdogo mwenyewe analalamika kwamba amefungwa kamba tena. Kibanda kizima kilicheka.

Lakini si hayo yaliyotufanya tuandike.

Mwanzoni filamu ilikuwa yetu kabisa. Jake Sully ni kiongozi wa ukoo wake msituni. Maadui wanamtafuta yeye, na akibaki watu wake watauawa. Anamwambia mke wake tuondoke. Neytiri anakataa, hapa ndipo kwao, ataondokaje? Tulikaa kimya. Kila mmoja wetu ameshasikia wazazi wakibishana hivyo usiku, wakifikiri watoto wamelala.

Wanafika kwa Wametkayina, watu wa bahari, kuomba hifadhi. Wenyeji wanawazunguka na kuwatazama kama bidhaa sokoni. Mikia yenu myembamba, mikono yenu haina nguvu ya kuogelea, mtatusaidia nini? Ronal, mke wa mkuu wa ukoo, anawashika watoto mikono na kuonesha vidole. Wana'vi wana vidole vinne, baadhi ya watoto wa Jake wana vitano. Anasema hiyo ni damu ya mashetani. Mwenzetu mmoja akasema kwa sauti, “Hata sisi balitushika vidole.” Tukacheka, kwa sababu ni kweli: siku ya kuandikishwa kila mmoja wetu aliweka vidole kwenye mashine kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

Halafu watoto wa Jake wanaanza kujifunza kupumua upya, jinsi ya kukaa chini ya maji bila kufa. Tulisoma Kongo kwa Kifaransa. Tulipofika hapa shule ni Kiingereza, na aliyekuwa la sita akarudishwa la tatu, akakaa na watoto wanaomfikia kiunoni. Tunajua maana ya kujifunza kupumua ukiwa mkubwa.

Mpaka hapo sisi ni watoto wa Jake, na roho zetu safi.

Ndipo akaja Aonung. Huyu ni mtoto wa Tonowari, mkuu wa ukoo. Anamwambia Lo'ak, mtoto wa pili wa Jake, twende tukawinde nje ya miamba, kama marafiki. Wakifika huko anamwacha peke yake baharini na kurudi na wenzake wakicheka. Kibanda kilicheka pia. Sisi benchi letu halikucheka. Mmoja wetu akasema polepole, “Yaya, ule mutoto ni sawa na yule tulituma Rubondo.”

Ngoja tuwaeleze. Juni 2022 M23 walichukua Bunagana, na watu wengi wakavuka mpaka. Walipita Nyakabande kule Kisoro, kisha mabasi yakaleta wengi hapa. Sisi tulikuwa tumeshakaa, wengine miaka saba, wengine kumi. Tulikuwa na timu ya mpira, na zamu yetu ya bomba tulikuwa tunaijua. Wageni wakaja na magodoro na mbuzi. Tukaanza kusema maneno. Eti wanamaliza maji. Eti wanaongea lugha ya wale waliotufukuza, nani anajua kama si wao? Watu waliolala porini kwa kukimbia bunduki zile zile tuliwatafutia damu ya mashetani.

Kijana mmoja, upande wa Rutshuru, alituuliza foleni ya kuhakiki kadi iko wapi. Ilikuwa hapa Base Camp, unaiona ukisimama barabarani. Tukamwambia Rubondo. Alienda kwa miguu na mama yake. Walirudi giza limeingia, mama ameshika viatu mkononi. Zamu yao ilikuwa imepita. Walikaa wiki mbili wakila kwa majirani. Sisi tuliisimulia hadithi hiyo kama mchezo, na kila ikisimuliwa ilizidi kuchekesha.

Kwenye filamu Lo'ak hamsemi Aonung. Anawaambia wakubwa kwamba ni yeye mwenyewe aliyetaka kwenda. Basi tulipotoka tukajiambia, hata yule kijana hakutusema kwa mwenyekiti wa kijiji, ana moyo kama wa Lo'ak. Kesho yake tukaenda wanne, tukamkuta bombani, tukaomba msamaha. Tukamuuliza kwa nini hakutusema.

Akatujibu, “Ningesema nani? Sikujuaka jina ya mutu hata moja.”

Tulibeba madumu yake mpaka nyumbani, na njia nzima hatukupata la kusema. Mama yake alitupa viti. Hakutuuliza kitu.

Sasa turudi kwenye mwisho wa filamu, kwa sababu tumebishana sana. Neteyam, mtoto mkubwa wa Jake, anakufa vitani na kuzikwa baharini. Jake anataka kuondoka tena, na Tonowari anamwambia sasa nyinyi ni watu wetu, mtoto wenu yuko na wazee wetu. Baadhi yetu walilia. Lakini dada mmoja wa kundi letu alikasirika. Alisema, “Kwa hiyo mpaka mtu azike ndipo aitwe mwenyeji?” Nakivale imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1950. Makaburi yapo. Dada huyu mwenyewe ana mdogo wake amelala hapa. Anasema kaburi halijawahi kumpa jina, bado anaitwa mkimbizi.

Wengine wanasema Tonowari alisema ukweli, kwamba msiba ndio unaofungua macho. Hatujakubaliana mpaka leo. Tunachokubaliana ni hiki: Aonung hakuhitaji kungoja Neteyam afe. Siku ya kwanza kabisa angeweza kumuuliza Lo'ak jina lake.

Yule kijana sasa anacheza namba tatu kwenye timu. Avatar hajaiona. Tumechanga pesa, Jumamosi tunarudi kibandani pamoja naye, na tumemwambia mapema kuna sehemu itatuaibisha.

Na wewe uliyefika juzi, unayesoma haya kwa simu ya kuazima: foleni ya kadi iko Base Camp, si Rubondo. Ukipotea, uliza vijana wa mpira pale uwanjani. Tutakupeleka wenyewe.