Mpira Unapopinda Kulia, Kosa ni la Mpini?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo hufaa sana katika viwanja vya gofu, iwe ni Entebbe karibu na Ziwa Victoria, Kitante mjini Kampala, au Lugalo jijini Dar es Salaam, uwanja ulio mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Askari husimama mbele ya wenzake, akainua ile fimbo kubwa iitwayo dreva na kuupiga mpira kwa nguvu zake zote. Mpira huondoka kwa heshima, ukafika nusu ya safari, kisha ukageuza nia na kupinda kuelekea kulia mpaka ukazama vichakani. Wachezaji wanauita ugonjwa huo slaisi, na mgonjwa wake, kabla ya kuitazama mikono yake, huitazama fimbo.

Methali ni ya kweli, lakini si ya kumnyamazisha kila anayeuliza. Mkulima hodari naye anaujua mpini wake. Mpini uliozidi kimo humchosha kiuno, ulio mzito humchosha bega, na uliolegea hulipeleka jembe pembeni ya tuta. Kwa hiyo anayeuliza juu ya mpini wa dreva, ambao mafundi wa viwanjani huuita shafti, hafanyi uvivu. Jambo la kujihadhari ni kuuliza baada ya fedha kwisha kutoka mfukoni.

Fedha yenyewe si ndogo. Mpini mmoja wa daraja la juu, ukiwa peke yake bila kichwa cha fimbo, waweza kuuzwa kwa dola 300 za Marekani au zaidi. Mshahara wa sajini una wenyewe wanaoungoja: karo ya watoto, unga, dawa ya mtoto mchanga, na mzazi aliye kijijini. Mke akiuliza, "Baba watoto, mpini huu utaunyosha mpira, au utaupinda mshahara?" ameuliza swali la haki, na anastahili jibu lililo na hesabu ndani yake.

Jibu hilo huanzia katika kuujua ugonjwa. Kwa mchezaji atumiaye mkono wa kulia, slaisi hutokea pale uso wa fimbo unapoukuta mpira ukiwa umefunguka kuelekea kulia kuliko njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita. Mpira huzunguka kwa mhimili ulioinama, na hewa huusukuma upande huo. Mtumia mkono wa kushoto huona kinyume chake. Walimu wa zamani walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kuifuata njia ya fimbo. Vipimo vya rada vya siku hizi vimeonyesha kwamba mwanzo wa safari, hasa kwa dreva, hutawaliwa zaidi na uso wa fimbo, na kupinda hutokana na tofauti iliyopo kati ya uso na njia. Tena mpira ukigongwa karibu na kisigino cha kichwa, yaani upande ulio jirani na mpini, kichwa hujipindua kidogo na kuuongezea mpira mzunguko wa kwenda kulia.

Askari wataielewa habari hii upesi wakikumbuka uwanja wa shabaha. Bunduki ambayo haijarekebishwa hupeleka risasi kombo. Hilo halina ubishi. Lakini mkufunzi mwenye busara humtazama kwanza mpigaji, jinsi anavyopumua na jinsi kidole kinavyovuta kwa pupa, ndipo anapoichukua bunduki na kuijaribu mwenyewe. Dreva nayo inataka uchunguzi wa namna hiyo.

Basi mpini hufanya kazi gani? Mchezaji anapoanza kuishusha fimbo, mpini hunepa kwa nyuma kwa sababu kichwa kizito kinachelewa. Fimbo inapoukaribia mpira, mambo hugeuka. Kitovu cha uzito wa kichwa hakiko katika mstari mmoja na mpini, bali kiko nyuma yake na pembeni. Mwendo wa kasi hukivuta kitovu hicho nje, na mpini hunepa kwa mbele. Kunepa huko huuinua uso wa fimbo na kuufunga kidogo kuelekea kushoto. Hapo ndipo ilipo dawa ndogo ya slaisi, nayo ni ya digrii chache tu. Mtu ambaye uso wa fimbo yake huwasili ukiwa wazi kama mlango wa duka hataponywa na mpini wowote, hata ukiwa wa bei gani.

Sifa ya kwanza ya mpini ni ugumu wake. Viwanda huuandika kwa herufi: L kwa ulio laini kabisa, kisha A, R, S, na X kwa ulio mgumu kupita yote. Kwa makadirio ya kawaida, anayeipeleka fimbo kwa mwendo wa kati ya maili 85 na 95 kwa saa, yaani kilomita 137 hadi 153, hufaa R. Kutoka hapo hadi maili 105 ni S, na X ni kwa waliozidi hapo. Aliye chini ya maili 85 atazame A, au R iliyo laini. Herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachoviunganisha viwanda vyote. R ya kiwanda kimoja yaweza kuwa ngumu kama S ya kingine.

Hapa kuna hatari inayowahusu sana wenye sare. Katika kazi yao alama huheshimiwa, na kupanda ni sifa. Basi wengine huziona herufi hizo kama nyota za begani, wakaona haya kushika R mbele ya kijana mwenye S. Lakini mpini mgumu mno kwa mtu wa mwendo wa wastani hukataa kunepa, uso ukachelewa kufunga, na mpira ukaenda chini chini na kulia. Ameinunua slaisi kwa fedha taslimu. Aliye na mwendo wa kasi akichukua mpini laini mno naye hupata taabu nyingine: mpira leo kushoto, kesho kulia, asijue wapi pa kulenga.

Sifa ya pili ni uzito. Mipini mingi ya nyuzi za kaboni ya dreva huwa kati ya gramu 40 na 80. Mwepesi humsaidia asiye na kasi, lakini ukizidi wepesi huwashawishi wenye pupa kuivuta fimbo kwa mabega kutoka nje kuingia ndani, na hiyo ndiyo njia inayozaa slaisi. Sifa ya tatu ni kujisokota, inayopimwa kwa digrii. Mpini wenye digrii tano au sita hujisokota zaidi kuliko wenye tatu, na wachezaji wa mwendo wa taratibu mara nyingi huona unawasaidia kuufunga uso. Zaidi ya hapo huangaliwa mahali mpini unaponepa: unaonepa karibu na kichwa huuinua mpira juu na kufunga uso kwa urahisi kuliko unaonepa karibu na mikono.

Sifa ya nne, inayosahauliwa kuliko zote, ni urefu. Dreva nyingi za dukani zina inchi 45 hadi 46, takriban sentimita 114 hadi 117. Sheria za gofu huruhusu hadi inchi 48, na tangu Januari 2022 kamati za mashindano makubwa zimepewa ruhusa ya kuweka mwisho wa inchi 46. Mpini mrefu huongeza kasi, lakini hufanya iwe vigumu kuupata mpira katikati ya uso, na atakayeupata kwa kisigino amekwisha kujua malipo yake. Mtu anaweza kuujaribu urefu mfupi bila kutoa senti: ashike fimbo inchi moja chini ya mahali alipozoea, kisha apige mipira kumi. Matokeo yakipendeza, fundi anaweza kuukata mpini. Lakini ajue kwamba fimbo iliyokatwa huhisi ngumu zaidi na kichwa chake huhisi chepesi, hivyo huenda ikabidi kubandika risasi kidogo ili uzito urudi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba wazee wa mchezo huu walipiga kwa mipini ya mti uitwao hikori, iliyokuwa ikijisokota sana. Mipini ya chuma cha pua iliruhusiwa Marekani mwaka 1924, na wakuu wa mchezo huko St Andrews, Uskoti, waliikubali mwaka 1929. Mpini wa nyuzi za kaboni ulibuniwa mwaka 1969 na Frank Thomas, aliyekuwa mhandisi katika kampuni ya Shakespeare huko Marekani. Kila kifaa kipya kilikuja na faida yake, na slaisi ikavuka vizazi vyote pamoja na wachezaji.

Kwa nyumba yenye mshahara mmoja, utaratibu ulio salama ni huu. Kwanza, mchezaji apake chaki ya darasani kwenye uso wa dreva, apige mipira kumi, na kutazama alama: je, ni katikati au kisigino? Pili, autazame mshiko wake. Mkono wa kushoto uliogeuzwa mno kuelekea shabaha huuacha uso wazi, nao hurekebishwa bure. Tatu, ajaribu kushika chini. Nne, kama dreva yake ina shingo ya kurekebishwa, aiongezee digrii za kuinua mpira, kwa kuwa nyingi za aina hiyo hufunga uso pamoja na kuinua. Tano, kwenye uwanja wa mazoezi aazime fimbo za wenzake zenye mipini tofauti, apige mipira kumi kwa kila moja, na kuandika ni mingapi iliyobaki katika majani yaliyofyekwa. Majaribio hayo yafanywe mazoezini tu, kwa sababu katika mashindano sheria hazimruhusu mchezaji kutumia fimbo ya mwenzake anayecheza, wala kuibadili dreva yake mchezo ukiwa unaendelea. Daftari likionyesha kwamba mpini mmoja umeshinda kwa siku tatu tofauti, ndipo mazungumzo ya kununua yaanze, na yaanze nyumbani, kwa kutazama kwanza vile vilivyotumika.

Lipo shauri moja la mwisho, nalo ni gumu kwa mwenye cheo kuliko kulipa dola 300. Kijana kedi abebaye mfuko huona mipigo mingi kwa juma moja kuliko bwana wake kwa mwaka. Hakutumwa kusema, kwa hiyo atanyamaza mpaka aulizwe. Akiulizwa kwa upole atajibu, "Afande, uso wa fimbo unabaki wazi, na mabega yanatangulia." Maneno hayo machache yaweza kuihifadhi karo ya muhula mzima, na sajini aliyekubali kuyasikiliza hajapungukiwa hata utepe mmoja begani.