Chumvi, Moto na Namba za Chuma

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wa pwani hukiita stenlesi, hupata kinga yake kutokana na kromi, ambayo ikifikia angalau asilimia 10.5 ya mchanganyiko huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, unaojirudisha wenyewe kila unapokwaruzwa. Kwa mwandishi wa tawasifu hii, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akitengeneza matangi ya viwanda vya samaki mjini Mombasa, jina hilo lilizaa makosa mengi, kwa sababu mnunuzi akishasikia kwamba chuma hakishiki kutu huona hana haja ya kuuliza gredi yake, yaani daraja la mchanganyiko wake.

Gredi iliyozoeleka ni 304, yenye kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, nayo yafaa sana kwa maziwa na meza za jikoni. Adui yake ni kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoutoboa utando hapa na pale huku kwingine kote kukiendelea kung'aa. Tangi la maji ya chumvi ambalo mwandishi mwenyewe alilipitisha mwanzoni mwa kazi, akikubaliana na mwenye kiwanda kupunguza gharama, lilidhihirisha hayo: chini ya mpira wa kifuniko, maji yalipotuama, palitokea vitundu kama vya sindano, kila kimoja kikizungukwa na duara la rangi ya chai, na fundi alipokichokoa kimoja kwa msumari mwembamba, ncha yake ilitokea upande wa pili. Tangi hilo lilistahili 316, iliyoongezewa asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, metali inayouimarisha utando dhidi ya kloridi. Na kosa halikuwa la mchomeleaji wala la muuzaji, bali la aliyetia saini.

Moto nao una madhara yake, kwani kando ya mshono wa kuchomelea, joto linapokaa kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, kaboni huivuta kromi na kuacha mipaka ya chembe za chuma bila kinga. Ndiyo maana kwa mabati mazito mwandishi alisisitiza 316L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03.

Sumaku, inayotegemewa na wengi dukani kutambua gredi, huibainisha gredi nyingine, 430, kwa kuinasa, lakini haitenganishi 304 na 316. Kwa hiyo alidai cheti chenye namba ya myeyusho, yaani utambulisho wa chuma kilichoyeyushwa pamoja, akailinganisha na namba iliyopigwa kwenye bati kabla ya msumeno kuwashwa, na kila bati lilipokatwa aliagiza namba hiyo inakiliwe kwenye kipande kilichobaki, maana kipande kisicho na namba kikirudishwa stoo hakuna jicho litakalokitambua tena.