Mbegu za Mbarika na Watoto Wetu



Sisi wa Mukuju, katika wilaya ya Tororo, mbarika hatuupandi. Hujiotea wenyewe nyuma ya choo, jalalani na kando ya shamba la muhogo. Wengine huuita mnyonyo. Mbegu zake zina madoadoa ya kupendeza, na watoto huzichezea kama maharagwe. Mafuta yake tunapaka nywele, kwa hiyo mti wenyewe tumeuzoea. Swali tunaloulizana nyumbani ni hili: tuuache uani?

Ndani ya mbegu hizo mna sumu iitwayo risini, ambayo Stillmark aliitambua mwaka 1888. Mafuta yakikamuliwa vizuri na kusafishwa, sumu hubaki kwenye mashudu. Mtoto akimeza mbegu nzima, ganda gumu huenda likamkinga. Akiitafuna, sumu hutoka.

Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ina viwanda vidogo vya kutengeneza protini, viitwavyo ribosomu. Chembe moja tu ya risini ikipenya, huharibu kiwanda kimoja baada ya kingine, maelfu kwa maelfu. Hapo seli hufuata amri iliyomo ndani yake tangu mwanzo: hujigawa vipande vidogo na kufa kwa utaratibu. Wataalamu walikiita kifo hicho apoptosisi mwaka 1972. Kwa kawaida kina faida kubwa. Ndicho kinachotenganisha vidole vya mtoto akiwa tumboni mwa mama. Lakini risini huiamsha amri hiyo pasipostahili, kwenye utumbo, ini na figo.

Kazi hiyo huchukua muda, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto aweza kucheza saa kadhaa kabla ya kuanza kutapika na kuharisha, nasi tukadhani yamepita. Dawa ya kuiua sumu hii haipo. Hospitalini humwongezea maji na kuusaidia mwili upambane, na wengi wanaowahishwa hupona.

Kwa hiyo sisi tumekubaliana hivi. Mbarika ulio karibu na nyumba tunaung'oa kabla mbegu hazijakomaa. Mtoto aliyetafuna mbegu anapelekwa hospitali saa ile ile, hata kama anacheka, na mbegu iliyobaki tunaichukua daktari aione. Tusingoje atapike.