Jina la Mgeni Katika Mwandiko wa Kijapani

Jina ni mali ya kwanza apewayo mtu, na ajabu yake ni kwamba wenzake huitumia kuliko mwenyewe. Msafiri huweza kuacha nguo na chakula cha kwao. Jina huandamana naye mpaka penye ulimi usioweza kulitamka. Wageni wafikao Japani hulitambua jambo hili siku watakiwapo kuandika majina yao.

Wajapani wana miandiko mitatu, nayo hukaa pamoja katika sentensi moja. Kanji ni herufi zilizotoka Uchina, na kila moja ina maana. Hiragana na katakana huandika sauti, kwa herufi za msingi 46 kila mmoja. Jina la mgeni kwa desturi huandikwa kwa katakana, ambamo kila silabi huishia kwa irabu, ila n peke yake. Hivyo Salim huwa Sarimu, maana ulimi wa Kijapani hauzitengi l na r. Msomaji wa Kiswahili asiharakishe kucheka: wazee wa pwani nao walimpokea Salim wa Waarabu wakamfanya Salimu, na George wa Waingereza ni Joji kwa Waswahili kama alivyo Joji kwa Wajapani. Lugha mbili zisizojuana zilimvika mgeni mmoja kanzu moja. Mbwana hana bahati hiyo. Huweza kurefushwa hata akawa Mubuwana.

Katakana huhifadhi sauti kadiri iwezavyo, lakini humwonyesha mwenye jina kwa kidole: huyu si wa hapa. Kanji humkaribisha, walakini huja na maana zake zisizoombwa. Marekani ilichaguliwa herufi kwa ajili ya sauti tu, na hata leo katika magazeti ya Japani hufupishwa kwa herufi ya mchele.

Mwandishi Lafcadio Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, na jina lake lilitokana na kisiwa hicho. Mwaka 1890 alifika Japani, akafundisha Kiingereza mjini Matsue. Huko jina la ukoo wake liliandikwa kwa katakana likasomeka Herun. Kosa hilo alilipenda, akaliacha. Akamwoa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai. Mambo ya urithi yakamtia mashaka juu ya mkewe na mwanawe. Basi mwaka 1896 akawa raia wa Japani, akaingia katika ukoo wa mkewe, akaitwa Koizumi Yakumo. Koizumi ni chemchemi ndogo. Yakumo ni mawingu manane, neno la kale la kuisifu nchi ya Izumo, ambamo Matsue imo. Hapana silabi hata moja ya Lafcadio iliyosalia. Si jambo dogo mtu wa miaka 45 kulivua jina la kisiwa alichozaliwa ili jamaa zake wasikose haki yao.

Alikufa mwaka 1904. Jiwe la kaburi lake huko Zoshigaya, Tokyo, lina jina la kanji nne: mbili za ukoo wa mkewe, mbili za mawingu. Watu wa Matsue, hata hivyo, wangali wakimwita Herun.