Nyumba ya Magurudumu Songambele

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea kufungua bomba na kusahau, huenda hujapata kufikiri kwamba maji yana uzito. Lita 20 ni kilo 20, nami kila asubuhi huko Songambele, wilayani Kyerwa, nilizipima kwa shingo yangu. Mume wangu ni fundi wa mitambo ya barabara. Kazi ilipompeleka Kagera alipewa karavani, yaani kijumba cha bati kinachovutwa na lori, nasi tukaishi humo miezi saba pamoja na watoto wawili. Majirani walicheka kwa adabu: nyumba yenye magurudumu, nayo imesimama tu mahali paitwapo Songambele!

Tangi letu lilichukua lita 200. Wataalamu wa afya hushauri mtu apate walau lita 20 kwa siku. Kwa watu wanne ni lita 80, na tangi lingekauka siku ya tatu. Tukajipangia lita 40. Maji yaliyosuuza mboga yaliosha vyombo, na yaliyoosha vyombo yalikwenda kwenye migomba ya kibanja cha jirani, kila siku shina jingine ili sabuni isiichoshe ardhi. Mvua iliponyesha tulikinga paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa letu la mita 13 za mraba liliweza kutupatia lita 260 kwa mvua ya milimita 20, ukitoa yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa tuliyachemsha yote.

Kuhusu umeme sina mengi. Paneli ya wati 100 ilitupa, siku ya jua jema, kitu chini ya nusu ya uniti moja ya LUKU, na betri ya asidi haifai kunyonywa kupita nusu yake, ama sivyo hufa mapema. Taa tatu, redio na simu vilitosheka. Pasi ya wati 1,000 ingeimaliza akiba ya siku kabla ya nusu saa. Nikarudia pasi ya mkaa, na mashati yalinyooka vilevile.

Lililonikosesha usingizi ni choo. Chini yake palikuwa na kasha la lita 20, nalo lilijaa kwa siku tatu. Huko Marekani, ambako wapo wastaafu wanaoishi katika magari ya namna hii kwa hiari, viko vituo vya kumwagia uchafu. Songambele hakuna. Kijana mmoja wa kikosi alitwambia kwamba waliotangulia walimwaga kijitoni usiku. Chini kidogo ya hapo ndipo akina mama wanapoteka maji. Mume wangu alinyamaza. Alikuwa anatoka kazini na giza, na kuchimba shimo ni kazi ya mtu mzima.

Siku ya pili akaja bibi mmoja wa jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia nyumba yenu ina choo ndani. Uchafu wake huenda wapi?"

"Bado umo ndani ya kasha, bibi."

"Basi usitoke mpaka nikuonyeshe mahali."

Akanipeleka upande wa pili wa mgongo wa kilima, mbali na chemchemi. Alinisimulia kwamba mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, alikuwa bi harusi mpya; walikusanyika kusikiliza redio, kisha kila kaya ikachimba choo. Yeye mwenyewe alibeba udongo.

Mume wangu alichimba Jumapili mbili, na wana wa bibi wakamsaidia bila kuombwa. Ile dawa ya buluu ya choo tuliiacha, maana huua vijidudu vinavyoozesha uchafu shimoni. Badala yake tulitia majivu, na kasha likabebwa kila baada ya siku mbili, alfajiri, limefunikwa kwa kanga yangu kuukuu. Harufu? Ilikuwapo, sitakuficha.

Lori lilipokuja kuivuta karavani, bibi alituomba jambo moja: tusilifukie lile shimo, kwa kuwa lilikuwa bado na miaka mingi ya kazi.