Barua kutoka Verden: Farasi Mchanga na Haraka ya Wanunuzi

  Mjomba, kwenye simu uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, na yule rafiki yako wa Usa River, Arusha, akataka kujua habari za kuagiza farasi. Nawajibu wote wawili.

Ninatunza farasi wachanga wa kuuzwa nje. Verden ni mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani, lakini mnada wake wa farasi wa Hannover umekuwapo tangu 1949. Aina hii ya farasi imetokana na kuchanganya majike mazito ya shamba na madume mepesi ya mbio, na kituo cha madume cha Celle, kilichoanzishwa 1735, ndicho kilichobeba kazi hiyo kwa muda mrefu. Wewe uliyezeekea mnada wa mifugo wa Pugu usingepotea hapa: wanunuzi mikono nyuma, macho miguuni.

Miguu ndiyo habari yenyewe. Juzi nilimshika kichwa farasi jike wa miezi 20 wakati daktari akimpiga eksirei. Ni mwekundu, ana alama nyeupe usoni, na alikuwa akinipumulia shingoni kwa woga. Kwenye kiungo cha mguu wa nyuma kikaonekana kipande kidogo cha mfupa kilichobanduka. Ni tatizo la kawaida kwa farasi wa aina hii. Huletwa na urithi, chakula kizito na kukua haraka. Kipande hutolewa kwa upasuaji mdogo, na farasi wengi hufanya kazi vizuri baadaye. Mnunuzi, bibi mmoja kutoka Marekani, alipunguza bei kisha akasema asafirishwe mara moja.

Haraka hiyo inatokana na sheria. Kila farasi wa Ulaya anayeingia Marekani hukaa karantini kama siku 3 akipimwa damu. Akishapita miaka 2 bila kuhasiwa, huongezewa karantini nyingine kwa ajili ya ugonjwa wa via vya uzazi: jike kama wiki 2, dume kama mwezi, kwani dume hupandishwa kwa majike wawili ambao nao hupimwa. Yote hayo ni maelfu ya dola. Basi watu huwakimbiza farasi wachanga kabla hawajatimiza miaka 2.

Mimi sikubaliani nao, mjomba. Uti wa mgongo wa farasi haukomai kabla ya miaka 5 au 6. Mahali pa farasi mchanga ni malishoni pamoja na wenzake, akikimbia na kusukumana, hadi afike miaka 3 ndipo azoeshwe tandiko. Atakayemtoa mapema, basi ahakikishe huko aendako kuna uwanja mpana na kundi la rika lake. Farasi maarufu Valegro naye alitoka Uholanzi akiwa mchanga, akanunuliwa na mpanda farasi Carl Hester wa Uingereza. Hakuharakishwa; akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 2012 akatwaa dhahabu ya Olimpiki London akiwa na mpandaji wake Charlotte Dujardin.

Safari yenyewe ni ya ndege ya mizigo. Farasi husimamishwa wawili au watatu ndani ya sanduku moja, na mtunzaji husafiri nao. Hatari kubwa ni kuwafunga vichwa juu muda mrefu: farasi asiyeweza kuinamisha kichwa hashushi uchafu wa njia ya hewa, na mapafu huvimba. Kwa hiyo nyasi ziwekwe chini, na kamba ilegezwe kila inapowezekana.

Sasa mwambie rafiki yako: kwetu Tanzania kuna homa ya farasi inayoenezwa na usubi. Punda milia huibeba bila kuugua, lakini farasi mgeni aliyetoka Ulaya mara nyingi hufa. Mwaka 1987 iliingia Hispania na punda milia walioletwa kutoka Namibia, ndiyo maana Ulaya ni wakali kwa farasi watokao Afrika. Farasi akishashuka Arusha, kumrudisha huku ni shida kubwa. Kwa hiyo asinunue mtoto. Anunue aliyehasiwa, wa miaka 6 hivi, na kabla ya kumlipia aulize daktari wa huko kuhusu chanjo. Akifika, alale ndani kwenye banda lenye wavu tangu magharibi hadi jua lichomoze, maana hizo ndizo saa za usubi.

Msalimie shangazi na watoto.

Mpwa wako